Sili ya Lori kwa Helikopta

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikwama juu ya jiwe katikati ya mto Gucha. Alikuwa akivusha ng'ombe. Ng'ombe alifika ng'ambo, yeye hakufika. Tulirusha kamba mara mbili, na mara mbili maji yakaichukua.

Saa nne asubuhi ikaja helikopta ya jeshi, iliyokuwa ikiokoa watu wa mafuriko kule chini upande wa ziwa. Tukashangilia. Ikamzunguka mara mbili, nilihesabu, kisha ikatuacha, ikaenda kutua kwenye uwanja wa shule kilimani huku ikivuja mafuta mekundu.

Mimi nilikuwa na duka la spea za malori na mashine za kusaga, Kisii mjini. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Kwa miaka tisa mama yule alinisemesha kupitia watu tu. Siku hiyo alinijia mwenyewe, uso ameuelekeza mtoni.

"Mkwe, si wewe ndiye wa spea?"

Nikapanda kilima mbio. Fundi wa jeshi alinionyesha sili iliyopasuka, pete ya mpira ya kuzuia mafuta, ndogo kuliko bangili. Nyingine ingetoka Nairobi, ifike kesho. Nikadandia lori la ndizi hadi dukani, nikarudi na sili ya lori. Tukazipima. Nikaomba tuzipime tena. Sawasawa.

"Haiwezekani," akasema fundi.

Hapo ndipo nilipokosea. Sokoni neno hilo lina maana moja: punguza. Nikapunguza. Akatikisa kichwa. Nikasema aichukue bure, na mkungu wa ndizi juu yake.

"Bwana, si bei. Hii ikipasuka kwenye lori, dereva anaegesha kando ya barabara. Ikipasuka huko juu, mimi niegeshe wapi? Haina hata karatasi ya kuonyesha imejaribiwa."

"Karatasi nitakuandikia. Mhuri ninao."

Rubani akacheka. "Huyu ukimwacha atatuuzia na mapanga ya juu yanayozunguka."

Nikafanya wanavyonifanyia wateja: nikageuka, nikaondoka polepole ili niitwe. Hatua kumi. Ishirini. Sikuitwa.

Mtoni maji yalikuwa yamefika magotini mwa shemeji. Aliponiona alinyanyua mkono, nami nikanyanyua wangu.

Mama mkwe safari hii alinitazama usoni. "Mmeshindwa kupatana bei?"

Ningemweleza nini? Kwamba fundi alikuwa na haki? Alikuwa nayo. Nimeyapima maneno yake miaka yote hii, na kila nikiyapima hayapungui. Kabla sijajibu alikuwa ameshafungua fundo la leso yake, akanitilia mkononi kila senti iliyokuwemo. Vidole vyake viligusa vyangu.

"Ongeza hii."

Nikapokea. Nikapanda kilima kile tena, nikijua kabisa pesa hazitasaidia, kwa sababu kusimama pale akinitazama sikuweza. Nilikuwa langoni mwa shule mayowe yalipopanda kutoka mtoni. Fundi alikuwa amekaa chini kando ya helikopta yake, mikono imejaa mafuta. Aliyasikia. Akaniona nakuja na mkono niliofumba, na hakuniuliza nimeleta nini.