Anifa Hatoi Ufunguo

Wiki ya pili hii Anifa kakwama pale pale kwenye gemu lake, na asikudanganye mtu kwamba hajui pa kubofya. Anajua sana. Hataki tu.

Gemu lenyewe aliwekewa na binti yake kwenye kompyuta kuukuu, kabla binti hajaolewa. Si la kupigana wala kukimbizana. Unakuwa mama mmoja ndani ya nyumba yake. Unabofya sufuria, unabofya pazia, unaokota hiki unakijaribu kwa kile, mpaka njia ifunguke. Anifa kalipenda, jamani! Analicheza barazani kwake Mtaa wa Mchikichi, karai la mihogo ya kuuza likiwa motoni pembeni yake, na kila mlango wa kwenye gemu anaupigia hodi kwa sauti kabla hajabofya, wateja hoi kwa kicheko. Anasema aliyechora lile jiko kalelewa na mama, maana mwiko kauweka panapowekwa mwiko.

Tatizo ni mwishoni. Anakuja bwana mmoja wa kofia, anasimama mlangoni, anataka ufunguo wa nyumba. Ukimpa, mama anabeba sanduku anaondoka, gemu linaisha. Usipompa, hakuna kinachoendelea. Anifa kampa chai. Kampa kuku. Kampa mpaka ufagio. Bwana kanyoosha mkono vile vile.

"Utasimama hapo mpaka uote mizizi," Anifa akamwambia.

Sasa mjue na Uwesu, mdogo wa marehemu mumewe. Nyumba hii ya bati Anifa na mumewe waliikuta gofu, wakaisimamisha wenyewe, na Uwesu hakuleta hata ndoo ya mchanga. Leo maghorofa yameibana pande zote, naye Uwesu keshapata tajiri wa kuinunua na kuibomoa. Kutwa maneno matamu: shemeji utapumzika, shemeji utajengewa nyingine Chanika, huko nje ya mji.

Ijumaa iliyopita akaja na tajiri mwenyewe. Wakampita Anifa barazani kama hayupo, wakaingia, wakaanza kupima ukumbi kwa hatua. Anifa alijiona keshatolewa kwake, angali hai. Akaishika kompyuta, akambofya yule bwana wa kofia, akampa chai tena.

Uwesu akatoka na tajiri nyuma yake, akachungulia kompyuta, akacheka kwa nguvu ili tajiri asikie.

"Shemeji, mtu mzima na mambo ya kitoto! Mpe ufunguo, yaishe. Usipompa huendi popote!"

Anifa akaifunga kompyuta. Akainuka, mafuta yakiungua kwenye karai, akasimama katikati ya mlango wake. Hakumtazama Uwesu, alimtazama tajiri.

"Kwani mama hajakubali?" tajiri akauliza, akimgeukia Uwesu.

Uwesu akajitia kuangalia simu.

"Nani kawaambia," Anifa akasema, sauti ikafika mpaka ng'ambo ya barabara, "kwamba mimi nataka kwenda?"