Mama Christiane na Filamu Zinazoondoka Jumatatu

Mama yangu, Christiane, ni mjane wa mchimba madini wa Kipushi. Anaimba kwaya ya parokia, anafunga Kwaresima bila kukosa, na hakuna kitu anachokipenda kama filamu za kutisha. Za mapenzi hazitaki, vichekesho vinamchosha. Anataka wafu, milango inayojifungua yenyewe, watoto wenye macho meupe. Ukimuuliza ni Mkristo wa namna gani, anakujibu kwamba shetani ni lazima ujue anatokea wapi.

Zamani aliziangalia na baba. Mama akipiga kelele, baba akicheka hadi machozi. Baba alipofariki, nyumba ile ya Kipushi ilibaki na mtu mmoja, nami nikakosa amani. Kila nikimpigia simu nilimwomba ahamie kwetu mjini, mtaa wa Makomeno, na kila mara alikataa.

"Nikae kwa mukwe wangu? Nitakuwa sawa mufungwa mu nyumba ya bantu."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonikera. Kwetu Waluba, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukwepana. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono. Mume akimgusa mama mkwe, hata kwa bahati mbaya, anatoa mbuzi. Mume wangu Mardochée ana duka la vipuri vya magari, amesoma, anajua bei za Dubai, lakini kwa jambo hili ni mkali kushinda babu yake. Tangu tuoane hakuwahi kumwambia mama neno moja bila kupitia kwangu. Mama akija kututembelea, nyumba nzima inatembea kwa kunyata.

Basi alikuja Ijumaa moja, mwisho wa mwezi, akae mpaka Jumatatu. Mardochée analipia huduma ya filamu kwenye intaneti, na Jumamosi, mwenye nyumba akiwa dukani, mama alijimilikisha televisheni. Ghafla nikasikia ananiita kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Chini ya filamu za kutisha, karibu zote, palikuwa na tangazo la Kifaransa: mwisho ni Jumatatu, baada ya hapo zinaondolewa.

"Plamedie! Banazitosha zote! Na hii ya kabati siyaiona hata kiloko!"

Hiyo filamu ya maiti anayekaa kabatini, Mardochée naye alikuwa akiitaka tangu mwaka uanze. Kila wiki alisema kazi ni nyingi. Uongo mtupu: aliogopa kuiangalia peke yake, na mimi damu siwezi.

Jumapili baada ya misa mama alipata dawa. Alitundika pazia kwenye mlango wa sebule, akaweka kiti chake upande wa korido, akaacha upenyo wa kuonea televisheni bila kumwona mkwe. Mardochée akakaa sebuleni, mgongo umeegemea ukuta wa mlango huohuo. Mtoto wetu Kiki tukampeleka kwa jirani, na mimi nikasimama katikati, nikapewa kazi ya kupeleka maneno.

"Umuambie bwana yako arudishe nyuma kiloko."

"Umuambie mama yako hapa haiko kitu, wakati muzuri uko mbele."

"Umuambie asinielezeye filme!"

"Bote muko na masikio!" nikawaambia, nikaenda zangu jikoni kusonga bukari, ugali wetu. Walikuwa wananisumbua kuliko huyo maiti wa kabatini.

Kutoka jikoni nilimsikia mama akimfokea msichana wa kwenye filamu. "Weye mutoto, usifungule! Usifungule, nasema! Ona sasa, anafungula." Kisha ukelele mkali, wa mwanamume.

Nilikimbia na mwiko mkononi. Kiti cha Mardochée kilikuwa kitupu. Pazia lilikuwa limeng'oka, limewaangukia miguuni, wote wawili wako sakafuni kwenye korido, na mume wangu, baba wa familia, alikuwa ameukumbatia mkono wa mama mkwe wake kwa mikono yake yote miwili, macho ameyafumba.

Mardochée alipotambua alichoshika, alitaka kuondoka kwa kutambaa.

"Baba Kiki," mama akasema, "ni mbuzi."

"Ndiyo, Mama," akajibu, kwa sauti ndogo, moja kwa moja kwake.

"Sasa unakimbia wapi? Ukinishika dakika moja ni mbuzi. Ukinishika mpaka filme iishe ni mbuzi ile ile. Ikala, tumalize."

Akakaa. Waliimaliza pale sakafuni, pazia magotini, mama akipiga kelele, naye Mardochée akipiga zaidi. Kisha mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu tumzike baba. Bukari ikaungua, na sikujali.

Jumatatu asubuhi mbuzi alifika, mweusi, mnene, mwenye kiburi. Mama akampokea, na mbuzi akishapokelewa, ukali wa ile heshima hulegea. Hata hivyo, mchana mama alivaa kitambaa chake kizuri, akaniaga, nami nikachukua mkoba wake kumsindikiza kwenye gari la Kipushi. Nilikuwa nimenuna. Sikuona mbuzi huyo alikuwa na faida gani.

Mardochée alitusubiri mlangoni. Alikuwa amevaa tai, siku ya kazi, na jasho likimtoka.

"Mama," akasema, akimtazama usoni, "kesho banatia filme zingine. Miye peke yangu siwezi. Na tena hii nyumba, mukiwa hamuko, haina mutu wa kucheka vile. Mubakie kwetu."

Mama alimtazama mkwe wake, akarekebisha kilemba, akanitazama mimi niliyekuwa nikilia kama mtoto.

"Unasimama na mukoba yangu kwa nini?" akaniambia. "Rudisha mu chumba."