Ukuta wa Chumba cha Mama Mkwe

Nyumba tunayopanga hapa Mowlem, Nairobi, ina vyumba viwili vya kulala, na kimoja sikukanyaga kwa muda wote ambao mama mkwe alikaa nasi. Hakuna aliyenikataza kwa maneno. Kwetu magharibi mambo haya hayahitaji kusemwa: mwanamume na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawali meza moja, na anapolala mmoja, mwingine hatii mguu. Kwa kweli hata kulala chini ya paa langu hakukumfaa. Alikubali kwa sababu ya kliniki ya sukari, maana ile ya kwao iko mbali na dawa mara nyingi hazipo, na kwa sababu mke wangu alilia kwenye simu.

Kabla hajafika, ukuta wa nyuma wa chumba hicho ulikuwa na doa la kahawia lililoanzia sakafuni na kupanda hadi usawa wa goti. Mke wangu akasema mama yake hawezi kuletwa kutoka mbali kote huko aje kulala akitazama doa. Keateka, yule mtunzaji wa jengo, akatupa fundi. Fundi akapigilia vipande vya mbao ukutani, akaufunika wote kwa paneli nyeupe za plastiki zenye michirizi ya kijivu inayojifanya marumaru. Alimaliza kabla ya saa kumi.

"Buda, hapa sasa ni hoteli," akaniambia.

Nilimkaribisha chai. Palipendeza. Ukiingia, ulihisi umefika kwa watu wanaojiweza. Doa halikuonekana tena, na katika nyumba yetu jambo lisiloonekana huwa limekwisha.

Mvua ya masika ilipoanza, mama mkwe akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha asubuhi. Mchana, akiota jua kwenye roshani, kilipungua. Akirudi chumbani kulala, kikarudi naye. Tulimpa tangawizi, tukampa asali, tukalaumu baridi ya Nairobi, kisha vumbi la Nairobi, ingawa kulikuwa kunanyesha. Kliniki wakamsikiliza kifua wakasema hakuna kitu, apumzike.

"Anasema ni nyumba," mke wangu akaniambia jikoni.

"Nyumba ina nini?"

"Haina kitu. Ni vile ni yako."

Mama mkwe hakuwa mtu wa ubishi. Kila asubuhi alisimama mlango wa sebule, macho chini, akanisalimu kwa wingi kama inavyopasa: "Mmeamkaje huko?" Nami nikajibu nikitazama runinga iliyozimwa. Lakini alishaamua: amevunja mwiko kwa kulala kwa mkwe, na kifua kinamdai. Akiendelea kukohoa, atarudi kwao. Akirudi kwao, kliniki imekwisha, na mguu wake mmoja ulikuwa na kidonda ambacho ndio kwanza kilikuwa kimeanza kukauka.

Mimi nilikuwa na dhana nyingine. Jumapili moja niliona viatu vyake vya ngozi vya kanisani vimewekwa koridoni vianikwe. Vilikuwa vimeota manyoya ya kijivu. Kitabu chake cha nyimbo, alichokiacha juu ya kochi, kilikuwa na kurasa zilizojikunja mawimbi kama kimeoshwa. Na kila mlango wa chumba kile ulipofunguliwa ilitoka harufu ya gunia lililonyeshewa. Ukuta ule wa nyuma unaendelea hadi chumba chetu. Huku hatukuwa na paneli, kwa hiyo nilisogeza kabati nikautazama: rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na nilipotoboa moja kwa ukucha, ukadondoka unga mweupe. Niliuonja. Ulikuwa wa chumvi. Mke wangu akanikuta hapo, mtu mzima mwenye shahada mbili, ananyonya kidole mbele ya ukuta.

"Maji yanapita humo ndani," nikamwambia. "Huku yanakauka kwa sababu ukuta uko wazi. Kule tumeyafungia kwa plastiki. Mama analala amegeuzia uso kuvu."

"Umeiona hiyo kuvu?"

Hapo ndipo palikuwa na shida. Sikuwa nimeiona, na sikuweza kwenda kuiona. Nikamwomba akague yeye, nami nikasimama koridoni, hatua chache kutoka mlangoni, nikitoa maelekezo.

"Weka mgongo wa kiganja chini kabisa, karibu na sakafu."

"Nimeweka."

"Kuna baridi?"

"Ni ukuta. Ukuta una baridi."

"Sasa gusa ule wa dirishani, ulinganishe."

Akaenda, akarudi. "Huu una baridi yake, na ule una baridi yake."

"Haya, gonga."

Akagonga mara tatu, kama apigaye hodi. Mama yake, aliyekuwa ameketi kitandani, akaitika, "Karibu." Wakacheka wote wawili mpaka kikohozi kikaingilia.

"Nusa pale paneli zinapokutana," nikasema kikohozi kilipotulia.

"Nanusa mafuta ya mama ya kujipaka."

"Chini zaidi."

"Mume wangu, nimepiga magoti. Chini zaidi ni kwa jirani."

Nikaenda kumtafuta keateka. Alinisikiliza akitafuna miwa, akaniambia, "Prof, hiyo ni jasho tu. Nyumba ikifungwa inatoa jasho. Waambie wafungue dirisha." Mimi si profesa. Aliwahi kuniona nimebeba vitabu.

Nikamvuta hadi juu ya paa, kwenye kamba za nguo. Kati ya jengo letu na la jirani pana nafasi ambayo mkono unapita lakini bega halipiti. Huku kwetu kila mwenye ploti hujenga hadi mwisho wa kiwanja chake, na anayefuata humjengea kifuani. Nikainama nikachungulia. Kuta zote mbili zilikuwa mawe matupu, maana palipokwisha kujengwa hapakubaki pa fundi kusimama apige plasta. Mawe yalikuwa ya kijani. Tangi la jirani lilikuwa linafurika, na maji yakiteremka taratibu juu ya ukuta wetu, hadi chini gizani, kwenye mifuko ya plastiki na kandambili moja.

"Na hayo maji?" nikauliza.

"Hiyo tangi si yetu."

"Lakini ukuta ni wetu."

"Sasa Prof, ukuta ni yetu ndani. Nje iko upande yao."

Nikamwandikia mwenye nyumba ujumbe mrefu, wenye aya, nikieleza safari ya maji tangu tangini hadi kwenye mapafu ya mama mkwe. Alinijibu kwa picha ya kidole gumba.

Jioni ya Alhamisi mke wangu akaniambia mama amefunga begi, ataondoka Jumamosi. Alisema hivyo akiwa amenipa mgongo, anaosha sufuria iliyokuwa safi.

"Tutoe paneli moja tu," nikasema. "Ukuta ukiwa mkavu, nitamkatia tiketi mimi mwenyewe."

"Hizo paneli zimewekwa kwa ajili yake. Nimwambie nini, tunamharibia chumba ndipo aondoke vizuri?"

"Basi nitazitoa mimi."

"Utaingilia wapi?"

"Mlangoni. Nikiwa na bisibisi."

Alinigeukia akanitazama kana kwamba nimesema nitavua nguo pale steji ya matatu, mbele ya abiria. "Ukiingia humo hatangoja Jumamosi. Ataondoka sasa hivi, na miguu yake."

Kule chumbani kikohozi kikaanza, kikaendelea. Mke wangu akafuta mikono, akanyoosha kiganja, nami nikaweka bisibisi juu yake.

Nilisimama koridoni kama mume aliye nje ya wadi ya uzazi. Nilitarajia kelele za kung'oa; hazikuwapo. Paneli ilitoka kirahisi, kama ganda la ndizi iliyoiva, kwa sababu mbao zilizoshika misumari zilikuwa zimelainika. Kisha harufu ikaja, ikanipita, ikaenda sebuleni.

"Kukoje?" nikauliza.

Nikasikia simu ikipiga picha.

"Jamani, kukoje?"

Mke wangu akatoka. Vidole vyake vilikuwa vyeusi. Alinionyesha simu: alikuwa amenipigia picha. Huo ndio ulikuwa ushindi wangu, upana wa kiganja, na kioo kikiwa na ufa. Kwenye picha ukuta ulikuwa mweusi toka chini hadi usawa wa mto wa kulalia, mweusi wa masizi, na pembeni zilining'inia nyuzi nyeupe. Mbao za fundi zilikuwa zimeota uyoga mdogo, wa rangi ya maziwa, uliopangika vizuri kuliko kazi yake. Nilitaka mno kwenda kuona kwa macho yangu. Nilifika hadi mahali kapeti ya koridoni inapoishia.

Sauti ya mama mkwe ikatoka ndani, ikimwambia binti yake kwa kiwango ambacho nami ningesikia. "Mwambie mkwe ameona vizuri. Nashukuru."

Nikaanza kujinyoosha.

"Na umwambie," akaendelea, "mvua hunyesha kwa kila mtu. Mbona ukuta wa chumba nilicholala mimi ndio umeoza?"

Nikaeleza habari za tangi, nikizungumza na mlango. Nikaeleza kwamba ukuta wa chumba chetu nao umelowa, ila haukufunikwa. Nikaeleza mawe yasiyo na plasta. Mke wangu aliyapeleka ndani maelezo hayo kwa ufupi mno, kisha akarudi na jibu. "Mama anasema sawa."

Sikuwahi kusikia sawa iliyofungwa kufuli namna hiyo.

Lakini humo hakuweza kulala tena, hilo hata yeye alikubali, na chumba kingine kilichobaki kilikuwa chenye kitanda changu, jambo ambalo hakuna aliyelitaja hata kwa utani. Jirani mmoja wa kanisani ndiye aliyetuokoa: ng'ambo ya barabara palikuwa na chumba kimoja cha kupanga, ghorofa ya chini, chenye jua la asubuhi. Ijumaa tukahamisha kitanda, viatu na kitabu cha nyimbo. Mimi nilibeba hadi mlangoni nikaweka chini.

Kikohozi kiliisha kabla hajazoea njia ya kwenda dukani. Anaenda kliniki, kidonda kimefunga, na mke wangu huvuka kila jioni kumpikia. Ukimwuliza mama mkwe kilichomponya, atakwambia ni kulala mahali panapomstahili. Ukiniuliza mimi, ni ukuta. Chuoni walinifundisha, katika somo nililolifeli mara ya kwanza, kwamba ukitaka kujua chanzo cha jambo ubadilishe kitu kimoja na kuacha vingine vilivyo. Sisi tulimwondoa kwenye kuvu na kwenye mwiko siku moja, kwa toroli moja.

Sasa chumba kile naingia nipendavyo. Nimeng'oa paneli zilizobaki, nimekwangua, nimepaka dawa, nimewasha feni ikitazama ukuta. Unakauka kidogo, kisha tangi linafurika. Jana nilimwambia mke wangu kwamba tangi likitengenezwa na ukuta ukakauka kabisa, labda mama arudi walau kwa wiki mbili, ndipo tujue kwa hakika.

Aliacha kukunja nguo. "Na akikohoa? Au unataka asikohoe, ndio uwe umeshinda?"

Nikasema hapana, si hivyo. Ila nilifikiri kidogo kabla ya kusema, na aliniona nikifikiri.