Mishale ya Shaligram

Kwa miaka kumi na tisa Shaligram Jha alichora mishale. Katika darasa la masomo ya ziada nyuma ya stesheni ya Patna, rafiki yake Umakant ndiye aliyesema na yeye ndiye aliyechora: kreti juu ya meza, ndoo kwenye kamba, ngazi iliyoegemea ukuta. Kila kitu alikitenga peke yake, kama mtu aliyekatwa na ukoo wake, kisha akakipigia mishale ya kani zinazokielemea, asizidishe hata mmoja. Watoto waliotoka Darbhanga na Samastipur kutafuta nafasi ya uhandisi walisema kwamba Umakant akieleza unasikia, lakini baba mdogo Shaligram akichora unaona.

Shahada hakuwa nayo. Mwaka wake wa pili chuoni baba yake alipooza, naye akarudi kijijini kushika jembe. Umakant, aliyelala naye chumba kimoja, akamaliza. Ndiyo maana Umakant alipomwambia kwamba watatoa kitabu chenye majina yao mawili, Shaligram hakuuliza zaidi. Miaka miwili alichora kwa wino, kila jioni baada ya vipindi, mgongo ukipinda juu ya rula. Wakwe zake walimwita mfuta ubao. Jina lililopigwa chapa lingewanyamazisha hao, na lingemnyamazisha pia yule kijana wa mwaka wa pili aliyekuwa bado anamlilia kifuani.

Kitabu kilifika siku ya sikukuu ya Mama Saraswati, mungu wa kike wa elimu, siku ambayo vitabu na kalamu hulazwa miguuni pa sanamu yake, na hakuna asomaye wala aandikaye mpaka kesho yake. Pale katikati ya maua ya manjano na kunazi, Shaligram aliona jalada. Lilikuwa na jina moja, na halikuwa lake.

Umakant alimshika bega. Jalada ni la mchapishaji, alimweleza. Jina la Shaligram lilikuwa ndani, ukurasa wa kwanza.

"Au unataka kumpokonya Mama kitabu mkononi?" akaongeza. "Akikukasirikia ufeli uzeeni, usije kwangu kuomba masomo ya ziada."

Watoto wakacheka, na Shaligram akacheka nao. Kisha akaenda kuleta bunda la michoro aliyokwisha kuichora kwa kitabu chao cha pili, akalilaza miguuni pa sanamu lipate baraka. Mchapishaji alikuwepo, amekaa mbele. Shaligram akasimama mbele ya watu wote akamsifu Umakant kuwa ni ndugu kuliko wa tumbo moja.

Asubuhi, sanamu ilipokwisha kuondolewa, alifungua kitabu. Katika ukurasa wa kwanza Umakant alimshukuru mama yake, mkewe, mchapishaji, "na wote waliosaidia". Shaligram alipekua mpaka jalada la nyuma. Mishale yote ilikuwa yake. Alipotafuta lile bunda, mfagizi akamwambia mchapishaji ameondoka nalo kwa treni ya alfajiri.

Alimkuta Umakant mlangoni pa darasa, ana kikombe cha chai.

"Sijaliona jina langu."

"Wazazi wananunua shahada, ndugu yangu. Wangeuliza huyu wa pili amesoma wapi, ningewajibu nini?"

"Umelijua hili tangu lini?"

Umakant akapuliza chai. "Tangu mwanzo."

"Na jana mbona ulisema limo?"

"Jana ungeondoka na bunda lako."

Akaingia darasani. Shaligram akabaki kizingitini, mguu mmoja umeshavaa ndara. Swali la siku lilikuwa la kreti lililosukumwa likaanza kupanda mteremko, mkono ukaliachia njiani. Umakant, ambaye kwa miaka mingi hakuwa ameshika chaki, alichora mshale wa uzito, akachora wa sukumo la mteremko, kisha akapiga mshale mrefu wa kuelekea juu, kwa sababu kreti lilikuwa likipanda. Ni kosa lile lile linaloangusha nusu ya watoto kila mwaka. Kalamu sitini zilimfuata. Msichana wa benchi la mbele alikuwa akiukoleza mshale huo kwa rula.

Shaligram aliingia. Akaufuta kwa kiganja, akachora msuguano, ukielekea chini.

"Mkono umeshaliachia," aliwaambia. "Linakwenda tu. Hakuna kinacholisukuma."

"Mnaona?" Umakant akawaambia watoto. "Ndiyo maana tuko wawili."

Wakapiga makofi. Shaligram aliweka chaki mezani, akatoka bila kumtazama mtu.

Nyumbani mkewe alikuwa akipepeta mchele. "Baba Putul, jina limo?"

"Halimo."

Mke akaendelea kupepeta. Siku ya pili yake, saa nne, saa ya kipindi, alimkuta bado amekaa kwenye ukingo wa kitanda, amenyoa ndevu, amevaa shati la kazini lililopigwa pasi.