Kona ya Mzee Nyoosha

Kila futi ya mama fundi cherehani ilipomgusa kiunoni, Mstahiki Meya alivuta tumbo ndani. Alilivuta siku ya kwanza alipopimwa joho la jiji, na miaka kumi na minane baadaye, tumbo lilipokuwa halivutiki tena, bado alikuwa anajaribu.

"Nimepungua, sivyo?"

"Umepungua, Mstahiki," fundi alijibu, huku akiongeza inchi tatu kimoyomoyo.

Jiji zima lilimwita Mzee Nyoosha. Alinyoosha mitaro, akanyoosha makarani waliozoea kufika kazini saa nne, na zaidi ya yote alinyoosha barabara. Aliweka rula juu ya ramani, akapiga mstari, na kilichokuwa chini ya mstari kikajijua chenyewe. Soko lilihama. Shule ilipoteza uwanja. Shemeji yake mwenyewe alivunjiwa sebule, na hakumsemesha tena mpaka kaburini.

Kisha mstari ukapita juu ya kibanda cha fundi. Asubuhi moja alikuta X nyekundu mlangoni, rangi haijakauka. Kibanda hicho chenye cherehani moja na dirisha moja kilikuwa kimemsomeshea mabinti watatu, na kingine hakuwa nacho.

Wiki hiyohiyo aliitwa ofisini kulipanua joho. Akangoja mpaka tumbo limevutwa, futi imekaza, ndipo akasema taratibu:

"Mstahiki, nimepigwa X."

Meya hakuweza kujibu bila kupumua. Jasho likamtoka.

"Wakinivunjia, itabidi utafute fundi mwingine," mama wa watu akaendelea, pini mdomoni. "Wapo wazuri. Ila wengine wana tabia ya kusoma inchi kwa sauti."

Tumbo likatoka lote kwa mkupuo.

"Unanitisha, mama?"

"Nakupima tu, Mstahiki."

Barabara ilipojengwa, ilikuja imenyooka kutoka stesheni, ikafika kwa fundi, ikajipinda kidogo kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, kisha ikaendelea na safari zake. Wahandisi wakiulizwa walitazama viatu vyao. Ardhi ya pale ni mchanga mtupu. Ungeichimba kwa kijiko.

Fundi hakushukuru, naye Meya hakudai shukrani. Ila siku nyingine, akiwa peke yake, fundi aliikumbuka sebule ya yule shemeji, na mguu wake ukasita juu ya cherehani.

Baada ya kustaafu, Mzee Nyoosha alifika kibandani mara moja tu, miezi miwili kabla ya kuzikwa. Alikuja bila dereva, suruali kwapani, ipunguzwe kiuno. Safari hii alikuwa amepungua kweli. Alikaa kwenye benchi akitazama magari yakipunguza mwendo kwenye kona mbele ya kibanda, moja baada ya jingine. Suruali ilipokuwa tayari aliipokea, akasimama mlangoni, akashusha sauti kama mtu anayetoa amri ya siri.

"Wakikuuliza, mama, waambie kulikuwa na mwamba."