Walioikata Nyumba Yangu Miguu

Nakumbuka mlio kwanza, mwanangu. Nilikuwa bado nje ya ukuta wa shule, nashuka kwenye mkokoteni wa punda, vumbi limenijaa machoni hata geti silioni, nikasikia msumeno. Mbao ya dukani ikikatwa hulia kwa sauti nyembamba na kazi huisha upesi. Mzizi wa mgunga uliokauka hukataa. Msumeno hukwama, ukavutwa, ukakwama tena, na kila unapokwama hutoa mlio kama wa ngamia anayelazimishwa kupiga magoti. Nimeishi na mizizi hiyo tangu utoto wangu. Nilisimama palepale, mkono mmoja mgongoni mwa punda, nikajua kwamba kinachokatwa ni nyumba yangu.

Nina hasira ninapokueleza haya. Kuna wazee watakaokushauri kwa sauti laini kama maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Nenda kwao kesho. Leo utanivumilia mimi.

Mjukuu wangu Hibaq anasoma kidato cha tatu katika shule ya wasichana hapa Garissa mjini. Muhula uliopita walitangaziwa maonyesho: kila darasa litengeneze kazi ya sanaa ya kusifu sayansi, teknolojia na mambo makubwa yaliyofanywa na wanawake. Kazi bora ingepelekwa Nairobi pamoja na walioitengeneza. Hibaq hajawahi kuvuka daraja la mto Tana. Alirudi nyumbani macho yanawaka, akaketi karibu nami nikisafisha vibuyu vya maziwa.

"Ayeeyo," akaniambia, maana ndivyo wajukuu wetu wanavyotuita sisi nyanya zao, "mwalimu wa fizikia alichora tao ubaoni, akatueleza kwa nini halianguki. Nikamwambia, hiyo ni nyumba ya ayeeyo wangu. Darasa zima likacheka. Nataka waione, waache kucheka."

Nyumba aliyoisema ni aqal, nyumba yetu ya kuhama nayo. Wewe uliyezaliwa chini ya mabati pengine umeiona kwenye picha tu, ukadhani ni kichuguu. Ni mizizi mirefu ya mgunga, iliyochimbwa na wanawake, ikamenywa, ikapashwa moto, ikapindwa kama upinde na kufungwa kamba mpaka ikalizoea umbo lake. Miguu yake huchimbiwa ardhini, vichwa hukutana juu, kisha huvishwa mikeka. Nyuzi za mikeka yangu zilitoka kwenye maganda ya mgunga, na kabla ya kusukwa tulizitafuna, mama yangu, shangazi zangu na mimi, mpaka ndimi zikawa nyekundu na taya zikauma kama tumepigwa. Mvua ikinyesha, nyuzi huvimba na mkeka hujifunga. Jua likiwaka, husinyaa na upepo ukapenya. Dhoruba hupanda juu ya mgongo wa nyumba ile ikashuka upande wa pili, haina mahali pa kushika. Humo hamna msumari. Wanawake huibomoa baada ya sala ya alfajiri, na jua likianza kuchoma tayari iko juu ya ngamia.

Nililala humo nikiwa bibi harusi. Nilizalia humo. Ukame ulipotumalizia mifugo tukahamia mjini, niliifunga kwa kamba nikaiweka nyuma ya nyumba, nikiwa na jina moja moyoni: Hibaq. Siku atakapoolewa, hata kama ataishi ghorofani, hii ni yake.

Kwa hiyo aliponiomba nilimpa. Nilimwambia neno moja tu, kwamba isimame mchangani. Akaapa: "Itasimama uwanjani, Ayeeyo, wallahi."

Sasa rudi nami kwenye ule mlio. Sikumngoja askari wa geti aniulize natafuta nani. Nilifuata msumeno mpaka mlango wa ukumbi, nikausukuma.

Ukumbi ulikuwa umepambwa, na sitawaonea wasichana wale, kazi zao zilikuwa nzuri. Kulikuwa na setilaiti ya mikebe na nyaya. Kulikuwa na daktari wa kike aliyeundwa kwa vifuniko vya soda, na ukutani rubani mwenye hijabu, mkono kwenye usukani, anaangalia mbele kama mtu asiye na deni la kutabasamu. Juu ya jukwaa walitundika kitambaa kirefu kilichoandikwa kwa rangi, na mwandiko niliutambua, ni wa Hibaq: MWANAMKE NDIYE MHANDISI WA KWANZA.

Na chini ya maneno hayo, mwanangu, chini yake kabisa, fundi alikuwa ameikanyaga mizizi yangu kwa mguu mmoja, anaikata. Nusu ilikuwa imekwisha kukatwa na kupigiliwa misumari kwenye ubao. Vile vipande vya chini, vilivyochongwa na panga la mama yangu, vilitapakaa sakafuni kama kuni.

Kiswahili changu nilijifunza sokoni nikiuza maziwa, na hasira ikinipanda kinavunjika. "Wewe! Nakata nini? Beleka msumeno huko!" nikapaza sauti, na wasichana wawili wakacheka kwa ile peleka yangu. Wacheke. Mdomo wangu ni wangu.

"Mama, mimi nimeambiwa kata, nakata," fundi akasema, lakini mkono wake ulisimama.

Ndipo akaja Noor, aliyepewa kazi ya kusimamia maonyesho. Usifikiri Noor ni mgeni aliyeletwa na basi kutoka mbali. Ni kijana wetu, wa upande wa Balambala, mama yake alikuwa rafiki yangu. Akaja na tabasamu na simu mkononi, akaniita habaryar, mama mdogo, kwa lugha yetu.

"Habaryar, karibu, karibu! Umekuja mapema, mgeni rasmi bado."

"Nani amekuruhusu?"

"Ni jambo dogo. Hapa ndani kuna kamera, kuna feni, kuna viti vya wageni. Huko nje kuna nini? Vumbi na mbuzi."

"Nje kuna ardhi. Nyumba hii husimama ardhini."

"Hiyo ndiyo shida yetu," akasema, akagonga sakafu kwa kiatu. "Hii ni saruji, haichimbiki. Tunapunguza miguu kidogo, tunaipigilia kwenye ubao, basi. Kwenye picha hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Habaryar, ni mizizi tu! Nitakuletea mabomba ya plastiki, mazuri, hata mchwa hawayali."

"Waryaa, Noor!" nikamwita kama anavyoitwa mtoto aliyeachia mbuzi shambani. "Mama yako alikuzalia wapi? Ndani ya bomba?"

Safari hii alicheka hata fundi. Noor hakucheka. Mwalimu wa sanaa, msichana wa Nyeri anayeitwa Mwalimu Wambui, alikuja mbio akiwa na rangi mpaka kwenye viwiko. Akatazama vile vipande sakafuni, kisha akanitazama mimi.

"Pole sana, nyanya. Niliambiwa umekubali."

"Nani alikwambia?"

Alimgeukia Noor, na Noor akaisoma simu yake kama vile imeandikwa aya ndani yake.

Na Hibaq? Alikuwa kando ya jukwaa na kopo la misumari mkononi. Mjukuu wangu mwenyewe. Nilimwuliza mbele ya wenzake, sikumstahi: "Wewe ulisema nini?"

"Nilisema tuiweke nje, Ayeeyo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Akasema nikileta ubishi, darasa lingine litapelekwa Nairobi."

"Kisha?"

"Kisha nikaambiwa nishike misumari."

Mwanangu, hapo moyo wangu uliniruka mpaka upande wa Diff, kwenye malisho ya utoto wangu, nikiwa na umri kama wa Hibaq. Tulikuwa tunahama, tunakimbilia kisima, na njia imebanwa na miiba pande zote. Mizizi ya nyumba ilikuwa imefungwa ubavuni mwa ngamia, ncha zake zinanasa kila tunapopita. Ngamia anapiga kelele, ndugu zangu wametangulia na maji, nami ndiye niliyeshika kamba. Nikachomoa shoka, nikamwambia mama, nizikate hizi ncha kidogo tupite. Mama alirudi nyuma kwa hatua ndefu. Hakunipiga. Alinishika kifundo cha mkono mpaka shoka likatetemeka, akanielekeza uso mbele.

"Una shoka mkononi," akasema, "na kichaka kiko pale. Kwa nini unaikata nyumba?"

Nikakikata kichaka. Mikono ilitoka damu, tukachelewa kufika kisimani, na usiku ule tulilala ndani ya nyumba nzima.

Niliyasema hayo pale ukumbini, kwa Kisomali kisha kwa Kiswahili changu cha maziwa, ili na Mwalimu Wambui asikie. Kisha nikamwambia fundi anipe nyundo. Akanipa, akashuka jukwaani, akaketi kwenye kiti cha wageni. Nikaanza kuing'oa misumari. Kila mmoja ulitoka na uzi wa mzizi.

"Habaryar, nakuomba," Noor akasema, sasa jasho linamtoka. "Mgeni yuko njiani. Tufanye hivi: vaa guntiino, ile nguo yenu ya zamani, simama kando ya nyumba, tukupige picha. Wewe ndiye utakuwa sura ya maonyesho!"

Nimefikiria sana kwa nini maneno hayo yalinichoma kuliko msumeno. Alitaka kunisifu, unaona? Kitambaa cha kunisifu kilikuwa juu, kamera ya kunisifu ilikuwa mbele, na katika sifa hizo zote hakupatikana mtu wa kutembea kutoka shule mpaka kwangu aniulize: mama, kitu hiki kinasimamaje? Ningemjibu kwa neno moja. Walimsifu mhandisi wakamnyima swali. Mwanamke wanayempenda ni yule wa vifuniko vya soda, aliyebandikwa ukutani na gundi, asiyeweza kuwaambia wamekosea.

Nikamwambia Noor, "Sura yangu haipigwi picha na nyumba isiyo na miguu."

Nikaichukua mizizi ya kwanza, mizima na iliyokatwa, nikaifunga kwa mtandio wangu wa juu. Ni mizito, nami si msichana. Noor aliona siwezi kuibeba yote peke yangu. Akainua kidole, akakielekeza kwa Hibaq.

"Sikiliza wewe. Ukiishika hiyo, ukatoka mlango ule, jina lako limetoka. Nairobi hutaiona."

Wasichana wote wakamgeukia Hibaq.

Hapa nakusimamisha, mwanangu, kabla hujajua alichofanya Hibaq, kwa sababu siku yako pia itafika na sitakuwepo kukushika kifundo cha mkono. Watakuja watu na jukwaa zuri. Watalipenda jambo lako, watalipaka rangi, watalitangaza, kisha watasema lina miguu mirefu kidogo. Usiwape msumeno. Waambie wabebe viti vyao watoke nje, kwenye vumbi na mbuzi, mahali ambapo jambo hilo husimama. Wakikataa, libebe urudi nalo. Ndiyo, utakosa safari. Utakosa cheti, na wenzako watakununia, na wakubwa watasema una kichwa kigumu kama mama zako. Sikudanganyi kwamba mwisho wake kuna zawadi kubwa zaidi inayokungoja. Mizizi iliyokatwa haikuota miguu mingine. Itabidi mvua zikinyesha tukachimbe upya, kama wachoma makaa wametubakishia mgunga.

Na wewe uliyesema ukweli mara moja kwa sauti ndogo kisha ukashika misumari, sikulaani. Mara moja ni mwanzo. Lakini mara ya pili ndiyo wanayoiogopa, kwa hiyo iseme, na iseme kwa sauti ambayo hata aliye mlangoni ataisikia. Na ukimsifu mwanamke, anza kwa kumwuliza. Kama yu hai, nenda nyumbani kwake. Kama amekufa, waulize waliolala ndani ya kazi yake.

Mwenyezi Mungu akupe miguu mirefu na ardhi ya kuichimbia. Akupe taya za kutafuna kigumu mpaka kiwe uzi. Akuepushe na sifa zinazokuja na msumeno, na siku utakapobanwa njiani akuonyeshe kichaka kiko wapi. Amin, na amin tena.

Hibaq alikitazama kitambaa alichokiandika kwa mkono wake. Alitazama muda mrefu hata nikadhani nimempoteza. Kisha akainama na lile kopo la misumari, akaliweka juu ya kiatu cha Noor, taratibu, kama mtu anayerudisha alichoazimwa. Akasema, na safari hii walisikia mpaka askari wa geti, "Ni ya ayeeyo wangu, na inasimama mchangani." Akaokota vile vipande vya miguu sakafuni, kila kimoja, akavipakata, akashika na ncha ya mzigo wangu. Nikatoka, yeye akamalizia nyuma, na kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa, aliufunga mlango kwa kisigino.