Neno Jekundu Kwenye Kadi ya Kalunde

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mgonjwa. Nilipewa kalamu mbili, moja ya bluu na moja nyekundu. Mganga wa zahanati, bwana mrefu mwenye kaptula iliyopigwa pasi vizuri kuliko shuka za wodi, aliniambia, "Bluu ni ya wanaomeza dawa. Nyekundu ni ya wakaidi. Usinichanganyie."

Nilikuwa binti wa fundi kofia wa Tabora mjini, nimetoka chuo cha uuguzi na ukunga, sijawahi kulala porini. Zahanati yenyewe ilikuwa upande wa Sikonge, katika kijiji cha Ujamaa ambacho nusu ya nyumba zake zilikuwa bado hazijaezekwa. Watu walikuwa wakulima wa tumbaku na warina asali, na wengi mashamba yao yalibaki mbali kule walikotolewa.

Kliniki ya wajawazito ilikuwa Jumanne. Tulipima uzito, tukasikiliza mapigo ya mtoto kwa kibomba cha mbao kinachowekwa tumboni, kisha nikashusha kope la chini la kila mama kuangalia wekundu wake. Kope likiwa jeupe, damu imepungua, na mwenye damu pungufu hana akiba siku ya kujifungua. Kwa hiyo tuliwapa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki. Kidonge cha kwanza walikimeza mbele yetu, kwa amri, maana wakubwa waliamini kwamba wanawake wa kijijini huvitupa. Vilivyobaki niliwafungia kwenye karatasi ya gazeti.

Wanawake hao walitoka nyumbani alfajiri kwa miguu. Benchi lilikuwa moja. Zamu ikifika, jua limeshapanda, wanameza, na nusu yao wanakimbilia nyuma ya jiko kutapika. Mganga akisimama dirishani ananiambia, "Andika. Wanatapika makusudi." Nami niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana, nilisifiwa chuoni.

Kalunde alikuwa na mimba ya nne. Ile ya tatu alivuja damu hadi wakambeba kitandani kupita msituni, na kope lake lilikuwa halijapata rangi tangu hapo. Asipoongeza damu kabla ya miezi tisa kutimia, nilijua, na yeye alijua, kwamba safari hii hatanyanyuka. Alitapika mara ya kwanza, akajifuta kwa kanga, akasema, "Samahani, Sista." Nikamwandikia kwa wino mwekundu: mkaidi. Mwezi uliofuata vilevile. Mara ya tatu nilimfokea.

"Unataka kufa wewe?"

"Sitaki kufa, Sista. Labda ni njaa. Tangu jana jioni sijatia kitu mdomoni."

"Kwa nini hujala?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa swali la mtego. "Si mlikataza?"

"Na vile vya nyumbani?"

"Nameza nikiamka, kabla ya chakula, kama mlivyosema. Vinatoka vyote."

Niliulizia, nikaupata mzizi wa katazo hilo. Miaka michache kabla yangu ilipita dawa ya minyoo ya safura, ambayo wakati huo ilinywewa tumbo likiwa tupu. Zahanati ikatangaza kwamba anayekuja kunywa dawa asile tangu jana yake. Dawa ile ikaisha, tangazo likabaki. Mwenyekiti wa kijiji alilirudia kwenye kila mkutano kwa uaminifu wake wote, maana hakuna aliyemwambia aache. Wajawazito wale, wenye damu ya kuokoteza, walikuwa wanafunga kwa ajili yetu! Watiifu kuliko askari, na sisi tunawaita wakaidi.

Nilimwendea mganga kwa hasira. Nikamweleza kwamba kidonge cha chuma kinachafua tumbo lisilo na chakula, na kwamba tuwaruhusu kula kwanza.

"Sista, hii ni zahanati, si hoteli."

"Sijasema tuwapikie. Tuwaambie tu wale."

Akafunga mlango. "Tukitangaza leo, mkoani watauliza siku zote hizo tulikuwa tunatangaza nini. Utajibu wewe?"

Huyo ndiye aliyekuwa bosi wangu. Aliogopa swali kuliko maiti. Nilikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti, akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Mbona hamkusema, mwanangu?" Akatangaza siku hiyohiyo kwenye shamba la kijiji. Jumanne iliyofuata wanawake walikuja na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, wamevifunga kwenye pindo za kanga. Benchi zima lilikuwa linatafuna. Nikawaeleza pia kwamba choo kitakuwa cheusi, wasiogope. Hakutapika hata mmoja.

Msimamizi wa kliniki za mama na mtoto alipokuja kutoka mkoani, aliona wino mwekundu umekoma. Akamwambia mganga, "Ukali wako umesaidia." Mganga akashukuru. Nami nikanyamaza, na mpaka leo nikikumbuka nakereka.

Kalunde alijifungua binti, asubuhi, mikononi mwangu. Damu ilitoka nyingi. Nilimkanda tumbo ili mji wa mimba ukaze, nikamkanda hadi vidole vikafa ganzi. Ilipokata, bado alikuwa na nguvu ya kuulizia uji.

Mwaka uliofuata alileta mtoto kupimwa. Alikuwa ameingia darasa la watu wazima, jioni baada ya shamba. Alitoa kadi yake ya zamani, akaweka kidole kwenye wino mwekundu, akasoma polepole: "M-ka-i-di." Kisha, "Sista, hapa ni mimi?"

"Ni wewe."

"Nani kaandika?"

Mganga alikuwa chumba cha pili. Ningeweza kumtaja. "Mimi."

Akanisogezea kadi. "Basi andika kwamba nilikuwa nafuata mlichosema."

Niliandika, kwa bluu, sentensi nzima, nikatia sahihi. Mganga alipoiona alinipa barua ya onyo kwa kuharibu kadi ya serikali, na kabla ya masika nikahamishiwa Puge.

Nimestaafu, nakaa Ntalikwa na kuku wangu. Majuzi mke wa mjukuu wangu alirudi kliniki na kadi iliyoandikwa "hazingatii dawa". Nilimuuliza kama kuna aliyemuuliza amekula nini. Hakuna. Wauguzi wa leo, mna kompyuta, na bado mnaandika kabla ya kuuliza!

Nawasema ninyi, lakini kabla ya Kalunde niliwaandikia wengine neno lile. Wawili kati yao nilikwenda kwenye mazishi yao. Hawakupata muda wa kujifunza kusoma mwandiko wangu.